Katumbukia Chooni, Katoka Ananukia

Kuna watu wakianguka huvunjika, na kuna Mtani wetu, mwanamke ambaye akianguka huinuka na kitu mkononi. Nasema hivi bila upendo mwingi, kwa sababu mimi ni wa kundi la kwanza. Nikisahau mwavuli, mvua inanyesha. Nikiubeba, unageuzwa na upepo mbele ya watu. Yeye sijawahi kumwona na mwavuli, wala sijawahi kumwona ameloa.

Jina lake silitaji kwa kuwa hakuna aliyelitumia. Watoto walimwita Mtani, wazee walimwita Mtani, na muuza duka aliyemkopesha sukari alimwita Mtani kwa sauti ya chini zaidi. Sisi ni Wakwere, yeye ni Mnyamwezi, lakini Mnyamwezi wa Bagamoyo, hajawahi kuiona Tabora hata kwenye kalenda. Babu zake walishuka pwani na misafara, mizigo ikatuliwa, wao wakabaki, na tangu hapo kwao na kwetu ni utani. Maana yake ni kwamba akifa mtu kwetu, yeye ana ruhusa ya kufanya yote ambayo mwenye akili zake hafanyi msibani. Anamsema marehemu. Anavaa nguo zake na kuiga mwendo wake. Anazuia jeneza mlangoni, anakalia mfuniko wa sufuria ya wali mpaka apewe chake. Mfiwa haruhusiwi kukasirika, na akikasirika ndipo anapozidishiwa.

Habari ya choo niiwahi mimi, maana yeye huitia chumvi mpaka hailiki. Marehemu baba yangu alikuwa bwana afya. Kazi yake ilikuwa kukagua vyoo, masoko na majiko ya mama lishe, na siku moja alipita Kiwangwa akakuta choo kimoja sakafu yake imelegea, akakichora X nyekundu mlangoni kwamba kisitumike. Mwenye choo alikuwa anakaribia kuozesha binti. Akaona X ile itatia mkosi harusini, akaipaka chokaa. Siku ya harusi Mtani alikuwapo, kama alialikwa au hakualikwa sijui, akala akashiba, akaulizia msala. Alipoingia tu sakafu ikamwachia, akazama mpaka kiunoni.

Mtu mwingine angehama wilaya. Yeye alitolewa kwa kamba ya mbuzi huku akimtukana mwenye mji mpaka kizazi cha tano, na wenye harusi, kwa kuogopa kwamba ataondoka na kwenda kuisimulia habari hiyo pwani nzima, wakamwingiza uani wakamtengeneza. Akasuguliwa kwa singo iliyotwangwa kwa ajili ya bibi harusi. Akamwagiwa marashi ya waridi, akafukizwa udi, akafungwa doti jipya la kanga. Jioni akarudi Bagamoyo kwa gari la maharusi, kiti cha mbele, maana alikuwa ananukia kuliko bibi harusi mwenyewe. Mtaa mzima ukatoka kumwona. "Katumbukia chooni, katoka ananukia," watu wakasema, na msemo huo kwetu ukabaki kwa kila anayepona pasipo kustahili.

"Mimi kile choo nilikitia X," baba alisema. Alikuwa amekasirika kweli, kwa sababu ilikuwa kazi yake.

"Ulikitia X, hukukibomoa," Mtani akamjibu. "Ulikuwa unanichimbia mimi kaburi, mnusa vyoo wee. Mungu si Athumani."

Safari ya Saadani nayo ina mashaka yake. Alikuwa anakwenda kumzuru mdogo wake anayekausha samaki huko, na ndani ya mbuga kijana wa bodaboda aliyembeba akasimamisha pikipiki ghafla, akaruka, akapanda mti. Mtani hakuona sababu. Miwani huivaa wakati wa kusoma Yasini tu, kwa hiyo aliona kitu cha rangi ya udongo kimelala njiani akajua ni ndama wa mtu, akabaki amekaa kwenye pikipiki akimtukana mwenye ndama. Ndama akainuka, akajinyoosha, akaenda zake. Askari wa wanyamapori waliopita baadaye wakamwonyesha nyayo za simba. Ndivyo habari ilivyo siku hizi. Mara ya kwanza alipoisimulia alikuwa ngiri. Lakini gari la askari lililomfikisha mpaka mlangoni kwa mdogo wake, akiwa na soda baridi mkononi, lilionwa na kijiji kizima, na yule kijana akaja nyuma amenyong'onyea.

Kubwa kuliko yote ni la Fukayosi. Kulikuwa na msiba wa mzee wa kwetu, Mtani akapanda gari kwenda kutimiza wajibu. Aliposhuka akaona turubai, akasikia kilio, akaanza kazi tangu barabarani. "Afadhali amekwenda! Sasa wali utabaki! Huyu alikuwa akila mpaka kijiko kinaomba maji!" Kumbe msiba wa kwetu ulikuwa turubai la pili, ng'ambo ya msikiti. Hawa walikuwa watu waliohamia pale, si watani zake, wala hawakuwa wakijua utani ni kitu gani. Na kwa mtu asiye mtani wako, maneno yale si utani, ni matusi, tena juu ya maiti. Wanaume wakasimama. Mmoja alikuwa amekwisha kuchomoa ukuni jikoni.

Ndipo ndani ya nyumba kikasikika kicheko. Alikuwa mjane mwenyewe, anacheka mpaka anashika ukuta, maana marehemu kweli alikuwa mlafi, na katika ndoa yao yote hakuna aliyethubutu kulisema.

"Nani kakwambia?" mjane akauliza.

"Sufuria zako, bibi. Nimezipita hapo nje, zimekonda."

Walimzuia asiondoke. Akala, akafungiwa mihogo ya kubeba, akaalikwa na arobaini. Kule alikotakiwa alifika jioni, wamekwisha kuzika, wamemnunia. Akawaambia amechelewa kwa sababu alipata msiba njiani. Wakampa pole.

Nilipolalamika nyumbani kwamba dunia haina haki, mama alinijibu neno lile lile kila mara: "Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi." Mimi nilimwambia kwamba huyu si mwenye bahati, huyu ni mwizi wa bahati, na zangu anazo yeye. Vijana wa mtaani walisema tu ana zali, wakampisha kwenye foleni ya maji ili liwaambukize.

Lakini nilikaa naye jirani miaka mingi, na nilijua kwamba nusu ya hiyo bahati aliipika mwenyewe. Mtu akifa, Mtani hakuanzia msibani. Alianzia kwa kinyozi wa marehemu. Kutoka hapo akaenda kwa muuza kahawa, kisha kwa mtalaka wake kama alikuwa naye, akauliza mambo madogo: alikuwa akikohoa vipi, alikuwa akihesabu vipi chenji, alikuwa akimwita vipi paka. Na hakungoja watu wafe. Baba yangu alimtazama kwa miaka kama fundi anavyotazama kitambaa. Baba alijua. Mtani akitokea kichochoroni, baba hunyoosha mgongo na kuacha kuvuta pua, na Mtani humwambia, "Jinyooshe tu. Mimi nilikwisha kukupima siku nyingi."

Misemo yake mingi haiandikiki. Inayoandikika ni kama ule wa kwamba msiba bila mtani ni kikao. Au ule aliowaambia mashangazi waliomwona amezidi: "Maiti hasikii. Anayesikia ni mfiwa."

Na mimi nilipata fungu langu. Nilifundisha shule Kibaha, nikaolewa, nikaachika, na kila nikirudi Bagamoyo nilimkuta kibarazani kwake.

"Shikamoo, Mtani."

"Marahaba, Zuhura. Bado uko peke yako? Au umepata mume, ukamkagua kama baba yako, ukamtia X?"

Msidhani alikuwa na ngozi ngumu. Yeye mwenyewe akitaniwa vibaya alinuna wiki nzima, si kwa kutukanwa, bali kwa kutukanwa ovyo. "Hilo nalo tusi?" husema. "Halina hata chumvi." Aliogopa sindano kuliko simba. Alisali kwa wakati, na tasbihi mkononi aliweza kuisimamisha katikati ili kusahihisha umbea wa jirani, kisha akaendelea pale pale alipoishia. Na kulikuwa na misiba asiyofungua mdomo. Akifa mtoto, Mtani aliingia kwa mlango wa uani, akakaa kwenye vyombo, akaosha masufuria mpaka jioni, akaondoka bila kuaga. Mtoto, alisema, hajafanya kitu cha kuchekwa.

Aliyemshinda ni mmoja tu, mama yangu. Mama ni mtu wa kimya. Alitaniwa upishi wake, alitaniwa miguu yake, alitaniwa kuolewa na mnusa vyoo, akajifunika kanga mdomoni akacheka mabega tu. Hakujibu hata mara moja, na utani usiojibiwa hauna raha. "Wewe," Mtani alimwambia, "kukutania ni kutwanga maji kwenye kinu."

Kisha ukaja wakati bahati yake ilipata mtihani, na aliyeuleta ni mwanawe wa kiume. Ni kijana mzuri, sitaki mumfikirie vibaya. Ana duka la simu, husali safu ya mbele, na alimjengea mama yake chumba chenye vigae na friji. Alikwisha kuchoka kusikia mama yake amevaa suruali ya maiti.

"Mama, mambo haya si ya dini. Mfiwa anahitaji dua."

"Dua mtamsomea nyinyi. Mimi namtafutia pumzi."

Hawakuelewana. Mwisho kijana akasema kwa upole, na upole wake ndio uliotisha, kwamba ikitokea tena hata mara moja, atamhamishia Dar kwa dada yake. Dada yake ana nyumba yenye ukuta, geti na mbwa. Nilikwenda kumpa pole Mtani, nikamkuta ameiva kwa hasira. "Unajua huko mtu akifa wanafanyaje?" akaniuliza. "Wanatumiana kwenye simu picha ya viganja viwili, basi. Mimi nitakaa na nani huko? Na mbwa?" Sikuwahi kumwona ameogopa kabla ya siku ile. Msiba uliofuata alikaa kwenye mkeka kama mgeni, akanywa chai, akarudi kwake. Watu wakaulizana kama anaumwa.

Aliyeumwa ni baba. Alikonda upesi, na alipojua kwamba hatainuka akatuita mama na mimi, akatuambia neno moja: "Asipokuja yule mwehu, msinitoe ndani." Mama akaniangalia. Sote tulijua Mtani akija atapoteza nini. Nikaenda kwake nikamweleza hali yote, na kwamba hatumlazimishi.

Aliendelea kuchambua mchele. "Mwambie afe polepole," akasema. "Nafikiria."

Nilipomfikishia baba, alicheka mpaka nikamshika asidondoke kitandani.

Alikufa alfajiri. Asubuhi yote Mtani hakutokea. Wakamwosha, wakamvisha sanda, na mama amekaa kwenye mkeka wake hali wala hanywi, hajatoa chozi hata moja, macho yako pale pale ukutani. Shangazi zangu walianza kumwogopa. Mtu aliyefiwa na mume na halii, walisema, kilio kinamla yeye. Adhuhuri ilipokaribia, wanaume wakaingia kubeba jeneza, na mmoja wa waliotangulia mbele alikuwa mwanawe Mtani.

Hapo ndipo nikamwona. Alikuwa ameingia kwa mlango wa uani, amevaa baibui nadhifu, amekaa kwenye kona akiwa ameinamisha kichwa. Mama akamwona pia, akainamisha chake. Nikajua amechagua chumba chake na friji lake, na sikumlaumu, ila moyo wangu uliuma kwa ajili ya baba.

Mtani akainuka, akaingia chumbani kwa baba, akatoka.

Alikuwa amevaa kofia ya baba. Miwani ilikuwa kwenye ncha ya pua, mikono nyuma, tumbo mbele, naye alikuwa anavuta pua kama baba alivyokuwa akivuta. Akafunua sufuria ya wali, akanusa. "Jiko hili lifungwe." Akamwinua shangazi yangu mkubwa kutoka kwenye mkeka, akachungulia alipokuwa amekaa, akamtazama kwa masikitiko. "Hapa kunahitajika chokaa." Kicheko cha kwanza kilitoka kwa mtu asiyekusudia. Kisha akasimama mlangoni, mbele ya jeneza, mbele ya mwanawe, akalizunguka kwa macho kutoka kichwani mpaka miguuni. "Nyumba hii haina dirisha," akasema. "Mtu atakaaje humu? Siipitishi." Na kwa kidole akachora X hewani.

Wanaume waliobeba wakatikisika. Jeneza likayumba. Nilimwona mwanawe amekaza midomo, machozi yanamtoka, na sikujua ni ya nini.

Basi Mtani akageuka upande wa wanawake, na kwa sauti ya baba, sauti yenyewe, pamoja na ule mkwaruzo wa jioni alipokuwa akitoka kulala, akaita:

"Mama Zuhura! Chai hiyo imefuatwa Tanga?"

"Abee," mama akaitika.

Aliitika, akaweka kiganja sakafuni, akaanza kuinuka aende jikoni. Alikuwa amekwisha kupiga goti moja alipokumbuka.

Hakuna aliyecheka. Mtani alivua miwani. Alifumbua mdomo akakosa neno, na hilo katika maisha yangu sikuwahi kuliona. Kisha mama akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, na wanawake wote wakamwendea, wakamshika, wengine wanalia wengine wanamshukuru Mungu kwamba analia. Mtani akasogea pembeni ya mlango. "Mpelekeni," akasema kwa sauti yake mwenyewe, nao wakampeleka.

Mwanawe alikuwa mtu wa neno lake. Siku ya kuanua tanga gari la Dar lilikuwa limekwisha kupangwa. Lakini asubuhi hiyo Mtani aliingia kwetu na mfuko wa rambo, akaketi.

"Nimekuja kukaa eda," akasema.

"Eda ya nani?" shangazi akauliza.

"Ya mtani. Mtani wa marehemu hukaa na mjane mpaka eda iishe. Nyinyi Wakwere mmepoteza mila, mnabaki kuuliza."

Mila hiyo hakuna aliyewahi kuisikia, Ukwereni wala Unyamwezini. Walipomwendea shehe kumuuliza, alisema haijui, lakini mjane kupata mwenzake si haramu. Na kijana hakuweza kumburuta mama yake kutoka nyumba ya msiba. Mimi niliangalia tu. Nilikuwa nimefiwa na baba, na bado nilipata nafasi ya kuona kijicho, maana jioni ya kwanza alikuwa amekwisha kukalia kiti cha marehemu na kulalamikia chai.

Nilirudi Bagamoyo eda ilipokuwa inakaribia kuisha, na siku hiyo mwanawe alikuja na gari. Alisimama kibarazani, akatoa shikamoo kwa wote, akasema dada yake ametengeneza chumba. Nilingoja Mtani azue mila nyingine. Hakuzua. Alikaa kwenye kile kiti akijisugua magoti, akatazama mtaa, kisha akasema, "Haya," akaniomba nimkunjie kanga zake. Nilizikunja. Nilidhani nikiiona bahati yake imeisha nitafurahi angalau kidogo, na badala yake nilishindwa kuzioanisha pembe za kanga.

Mama, kwa kuwa yumo edani, hatoki mbele ya wanaume. Sauti yake ikatoka nyuma ya pazia.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Mwache hapa."

"Mama, eda yenyewe inaisha."

"Yangu inaisha. Yeye bado hajamaliza kunisema."

Kijana akavua kofia, akaishika mikononi. "Mimi siku ile nilicheka," akasema, pazia ndilo analoliambia. "Nimebeba jeneza, nikacheka. Sijui hata nimwombe nani msamaha."

"Hakuna wa kuombwa. Mwache."

Alimtazama mama yake, akatazama mfuko wa rambo mikononi mwangu, na nikaona kwamba amekwisha kukubali. Mtani naye aliona. Rangi ikamrudi usoni, akajiegemeza kwenye kiti, akanyoosha miguu.

"Umesikia?" akamwambia mwanawe. "Basi usisimame hapo kama mlingoti. Kaniletee godoro langu. La humu lina kunguni."

"Kunguni umekuja nao wewe," mama akasema nyuma ya pazia, "humo kwenye mfuko wako."

Mtani aliganda. Akanitazama mimi, akalitazama pazia, mdomo wazi, kama mtu aliyebisha hodi miaka mingi na leo ndiyo kwanza amesikia "karibu". Kisha akapiga kofi la furaha pajani, akajivuta na kiti chake mpaka mlangoni mwa pazia, akakohoa kujiandaa. Yule kijana akaenda kuleta godoro.